Uandishi Huru wa Sayansi ya Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kazi na Fedha Zake

Maswali yafuatayo nimeyakusanya kutoka katika barua za miaka kadhaa. Nyingi ziliandikwa na wanafunzi, walimu na watafiti wanaotaka kuanza kuandika juu ya bahari bila kuajiriwa na mtu, na nyingine na wasomaji wanaotaka kujua fedha wanazochangia huenda wapi. Kila swali nimelipa nafasi kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo baadhi ya majibu ni mafupi mno na mengine ni marefu kuliko nilivyokusudia.

Uandishi wa sayansi ya bahari huitwa huru kwa sababu gani?

Watu wengi hudhani kwamba mwandishi huru ni yule asiyepokea fedha kutoka kwa mtu yeyote. Maana hiyo siikubali, kwa kuwa asiyepokea chochote hulazimika kuandika usiku akiwa amechoka, na uchovu huharibu takwimu kama hongo inavyoziharibu. Kipimo changu ni kingine: je, yupo mtu anayeweza kusema makala isitoke, au itoke ikiwa imepunguzwa makali, na neno lake likafuatwa? Ofisa uhusiano wa taasisi ya utafiti huandika vizuri, na mara nyingi huandika kweli tupu, lakini hana nafasi ya kueleza kwamba safari ya meli ya taasisi yake ilirudi bila jambo la maana. Mwandishi huru anayo. Matangazo, ruzuku, michango na mialiko, yote yanayozungumzwa hapa chini, nayapima kwa kipimo hicho.

Je, ni lazima niwe na shahada ya sayansi ya bahari?

Si lazima. Bahari husomwa na wanafizikia, wanakemia, wanabiolojia na wanajiolojia, na aliyebobea katika mikondo ya maji huwa mgeni kama wewe anapofika kwenye uainishaji wa minyoo ya kina kirefu. Unachohitaji ni uwezo wa kusoma sehemu ya mbinu za utafiti bila kuiruka, na ujasiri wa kumwandikia mtafiti swali ambalo wewe mwenyewe unahisi ni la kitoto. Nimeona kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo hujibiwa haraka zaidi.

Gharama kubwa ya kazi hii iko wapi?

Iko kwenye saa. Anwani ya tovuti, seva na huduma ya kuwatumia barua pepe waliojiandikisha ni gharama zinazojulikana mapema na hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Kisichojulikana mapema ni muda ambao makala moja itameza.

Nitatoa mfano wa makala niliyoandika kuhusu kuongezeka kwa asidi baharini. Bahari imefyonza takriban robo ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, na gesi hiyo ikiyeyuka katika maji hutengeneza asidi ya kaboniki. Matokeo yake ni kwamba wastani wa pH (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) ya maji ya juu ya bahari umeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Kuhakikisha sentensi hizo mbili kulinichukua asubuhi nzima. Kisha nikaongeza, kwa kujiamini kabisa, kwamba badiliko hilo ni kama asilimia moja tu, kwa sababu ndivyo kugawanya kwa kawaida kulivyonionyesha.

Siku mbili baada ya makala kutoka, mwalimu mmoja wa kemia aliniandikia mistari minne isiyo na salamu. Kipimo cha pH ni cha logariti, alisema. Kila hatua moja kamili ni tofauti ya mara kumi katika wingi wa ioni za hidrojeni, kwa hiyo kushuka kwa 0.1 ni ongezeko la asilimia 26, na kwa kuwa mshuko wenyewe umezidi 0.1 kidogo, ndiyo maana vitabu husema karibu asilimia 30. Nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya mara ishirini. Kuandika upya kulichukua siku nyingine, kwani ilibidi nieleze pia kwamba maji ya bahari hayajageuka kuwa asidi, kwa sababu bado yako juu ya 7, ila yamesogea kuelekea upande huo kwa kasi ambayo viumbe wenye magamba ya chokaa wanaihisi.

Basi hesabu ya makala ile ilikuwa hivi: siku tatu za kusoma, moja ya kuandika, nusu ya kuchora grafu, na moja na ushei ya kurekebisha kosa ambalo mtu mmoja mwenye ujuzi wa kemia angeliona kwa dakika tano kama ningekuwa na fedha za kumlipa asome kabla. Tangu siku hiyo, mstari wa kwanza katika bajeti yangu ni malipo ya mtaalamu anayesoma rasimu. Seva iko mstari wa nne.

Kosa likishatoka hadharani linasahihishwaje?

Kwa maelezo yanayowekwa juu kabisa ya makala yenyewe, yenye tarehe, yakisema kilichoandikwa kwanza kilikuwa nini na kilicho sahihi ni kipi. Waliopokea makala kwa barua pepe hutumiwa masahihisho kwa barua pepe, kwa sababu ni wachache wanaorudi kusoma mara ya pili. Kufuta kimyakimya sikubali hata kwa kosa la tahajia katika jina la kiumbe.

Utafiti unaosomwa na wenye kulipia tu unaupataje?

Mara nyingi kwa kuomba. Katika ukurasa wa kwanza wa kila utafiti kuna anwani ya mwandishi mhusika, na watafiti wengi hufurahi kutuma nakala, kwa kuwa fedha anazolipa msomaji huenda kwa mchapishaji, wala si kwao. Kabla ya kuomba, tafuta nakala iliyowekwa kihalali katika hifadhi ya chuo au katika hifadhi za rasimu kama EarthArXiv. Programu ya Unpaywall hukutafutia nakala hizo yenyewe. Ila ukisoma rasimu ambayo bado haijahakikiwa na wataalamu wengine, mwambie msomaji wako hivyo katika aya ya kwanza, usingoje ya mwisho.

Je, kuna data ninazoweza kutumia bila malipo?

Zipo nyingi kuliko muda wako. Mpango wa Argo, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, una takriban maboya 4,000 yanayozama na kuibuka katika bahari zote. Kila boya huelea katika kina cha mita 1,000, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima halijoto na chumvi, na karibu kila baada ya siku kumi hutuma vipimo vyake kwa setilaiti. Kwa kawaida vipimo hivyo huwa wazi kwa mtu yeyote ndani ya saa 24. Ramani za vina vya bahari hutolewa na GEBCO, kumbukumbu za mahali viumbe walipoonekana ziko OBIS, na majina sahihi ya viumbe yako katika orodha ya WoRMS. Huduma ya Copernicus ya Ulaya hutoa data za mikondo, barafu na halijoto ya uso wa bahari bila kudai chochote zaidi ya kujiandikisha na kutaja chanzo.

Faida ya jambo hili ni ya uhuru kama ilivyo ya fedha. Anayechora grafu yake mwenyewe kutokana na data za Argo hahitaji kungoja taasisi fulani imkabidhi mchoro uliokwisha kupambwa, na akiulizwa amefikaje kwenye tarakimu hiyo, ana jibu.

Kwa nini hutumii zile sentensi maarufu kuhusu bahari, ilhali ndizo zinazovuta wachangiaji?

Kwa sababu zinavuta wachangiaji. Mwandishi anayekula kwa michango huingia kishawishini kila anapoona kwamba makala yenye chumvi nyingi imeleta fedha kuliko yenye vipimo, na hakuna kampuni wala serikali inayohitajika ili kishawishi hicho kifanye kazi yake. Huu ndio upande wa fedha za wasomaji ambao haujadiliwi vya kutosha. Nitaonyesha kwa sentensi mbili.

Ya kwanza husema kwamba tunaujua uso wa Mwezi kuliko sakafu ya bahari. Ina ukweli, lakini ukweli wenye masharti. Setilaiti zimekwisha kuichora sakafu yote ya bahari kwa kupima jinsi uso wa maji unavyoinuka na kushuka kidogo kwa sababu ya uvutano wa milima na mabonde yaliyo chini yake, ila ramani hiyo huonyesha vitu vyenye upana wa kilomita kadhaa, na kilima kidogo hakionekani humo. Ramani ambayo haijakamilika ni ile ya karibu zaidi, inayopatikana kwa mwangwi wa sauti kutoka melini: mradi wa Seabed 2030, ulioanzishwa mwaka 2017 na Nippon Foundation pamoja na GEBCO, ulikuwa umefikia zaidi kidogo ya robo ya sakafu yote mwaka 2025. Kwa hiyo ramani ni mbili, na msomaji anayepewa sentensi ya Mwezi peke yake huondoka akidhani hakuna hata moja.

Ya pili husema kwamba nusu ya oksijeni tunayovuta hutoka baharini, na huja na picha ya mawimbi ya buluu na ombi la mchango. Takriban nusu ya usanisinuru wote duniani hufanywa kweli na planktoni wa baharini, viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na kazi hiyo hutoa oksijeni nyingi. Lakini karibu oksijeni yote hiyo hutumiwa humo humo baharini, na viumbe wanaopumua pamoja na bakteria wanaoozesha mabaki, hata kinachobaki kuingia hewani mwaka hadi mwaka ni kidogo sana. Oksijeni tunayovuta leo, ambayo ni karibu asilimia 21 ya hewa, ni akiba iliyokusanyika kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Planktoni wakidhurika leo, hatutakosa pumzi kesho. Tutakosa samaki, kwa kuwa planktoni ndio msingi wa chakula chote cha bahari, na hilo peke yake linatosha kumhangaisha mtu mwenye akili timamu.

Nilipoandika makala juu ya sentensi hiyo ya pili, mchangiaji mmoja wa muda mrefu alijitoa na kuniambia kwamba naua mapenzi ya watu kwa bahari. Nilisikitika. Makala ile bado ipo.

Wasomaji huchangia kwa njia gani, na wanapata nini?

Kuna mchango wa mara moja na mchango wa kila mwezi, na huo wa kila mwezi, hata ukiwa mdogo, una thamani zaidi kwa sababu unaniwezesha kumwahidi mtaalamu malipo kabla ya kumpa rasimu. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe lazima kiwe kinajulikana ukubwa. Mchango wa mara moja huja kwa mafungu yasiyotabirika: samaki wa ajabu wa kina kirefu akionekana ufukweni mahali fulani, michango hupanda kwa siku tatu kisha hurudi ilipokuwa, nami siwezi kupanga mwaka kwa kumtegemea samaki.

Tarajia kwamba wengi mno watasoma bila kutoa chochote, nawe usiwachukie kwa hilo. Makala zote ziko wazi kwa wote, na mchangiaji hapati ukweli mapema kuliko mwingine. Anachopata ni ripoti ya mapato na matumizi, nafasi ya kupendekeza mada, na daftari langu la makala zilizoshindikana, ambalo kwa sababu nisiyoielewa vizuri ndilo wanalolipenda kuliko yote. Kupendekeza mada hakumpi mtu haki ya kupendekeza hitimisho, na sharti hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa kuchangia ili asije akasema hakuambiwa.

Je, ruzuku za mifuko ya hisani zinafaa?

Zinafaa kwa kazi yenye mwanzo na mwisho, kama vile mfululizo wa makala sita juu ya mikondo ya bahari, au tafsiri ya istilahi. Hazifai kwa kuendesha kazi ya kila siku, kwa kuwa mfuko hulipia mradi na mradi hufikia mwisho, wakati seva, masahihisho na barua za wasomaji haviishi. Jambo jingine ni ucheleweshaji: kati ya siku ya kuomba na siku fedha zinapoingia, mada yako inaweza kuwa imekwisha kuandikwa na wengine.

Usome mkataba wote kabla ya kutia saini, hasa kifungu kinachohusu mapitio. Mfadhili kuomba kuona kazi iliyokamilika si tatizo. Tatizo ni kifungu kinachompa nafasi ya kuipitia kabla haijatoka, hata kama kimeandikwa kwa upole kwamba ni kwa ajili ya kuhakikisha usahihi wa maelezo. Mara mbili nimeomba kifungu hicho kibadilishwe kiseme kwamba mfadhili atapokea nakala siku ile ile wasomaji wanapoipokea. Mara ya kwanza kilibadilishwa kwa barua moja tu. Mara ya pili nilijibiwa kwamba mkataba ni mmoja kwa wote, na ruzuku ile sikuichukua.

Wengi huuliza pia kuhusu Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Sayansi ya Bahari, unaoanzia mwaka 2021 hadi 2030. Miradi ya mawasiliano inaweza kuomba kutambuliwa chini yake, na utambuzi huo husaidia unapojitambulisha kwa wafadhili, lakini kutambuliwa peke yake hakuleti fedha.

Kwa nini hakuna matangazo?

Yalikuwepo, kwa miezi michache, yakiletwa na mfumo unaochagua tangazo wenyewe bila kumwuliza mwenye ukurasa. Aprili 2024 NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, ilipotangaza, pamoja na wenzake wa mpango wa kimataifa wa matumbawe, kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote, niliandika makala ndefu iliyoeleza kwamba chanzo kikuu ni joto la maji, na kwamba matumbawe yakizidiwa na joto huwafukuza mwani wanaoishi ndani yake na kuyalisha. Katikati ya aya ya joto na aya ya mwani, mfumo ukaweka tangazo la mafuta ya kujikinga na jua yaliyoitwa salama kwa matumbawe.

Msomaji mmoja aliniuliza kama nayathibitisha. Sikuwa na jibu la heshima. Ni kweli kwamba Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari 2021, ya kuzuia uuzaji wa mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati, lakini maneno "salama kwa matumbawe" kwenye chupa hayana maana moja iliyokubaliwa popote duniani, na tangazo lile, pale lilipokaa, lilimwambia msomaji kwamba ugonjwa niliokuwa naueleza una dawa dukani. Niliondoa mfumo mzima jioni ile. Makala zinazolipiwa na kampuni ili zifanane na makala za kawaida sijawahi kuzikubali, na sina zaidi la kusema juu yake.

Ungepokea fedha kutoka kwa kampuni ya uchimbaji wa sakafu ya bahari?

Hapana, ingawa sababu yangu huenda si ile unayoitarajia. Sisemi kwamba kila kilicholipiwa na kampuni hizo ni uongo. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu viumbe wa eneo la Clarion-Clipperton, katika Bahari ya Pasifiki, imetokana na safari zilizolipiwa na wenye mikataba ya utafutaji madini, kwa kuwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston nchini Jamaika, huwataka wakusanye taarifa za hali ya mazingira kabla ya kuruhusiwa kuchimba.

Tazama kisa cha oksijeni ya gizani. Julai 2024 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti ulioongozwa na Andrew Sweetman, uliosema kwamba katika kina cha takriban mita 4,000, ambako hakuna mwanga wa kuendesha usanisinuru, vyombo vilivyofunikwa juu ya sakafu vilionyesha oksijeni ikiongezeka badala ya kupungua. Watafiti walipendekeza kwamba madonge ya madini yaliyotapakaa pale, yenye manganisi, nikeli, shaba na kobalti, huenda yanatoa umeme unaoyachanganua maji. Juu ya baadhi ya madonge walipima hadi volti 0.95, na kuyachanganua maji ya bahari huhitaji takriban volti 1.5. Sehemu ya fedha za utafiti huo ilitoka kwa The Metals Company, kampuni ya Kanada inayotaka kuyachimba madonge hayo hayo. Na matokeo yalipotoka, kampuni hiyo ikawa miongoni mwa walioyapinga kwa sauti kubwa zaidi.

Mwandishi anayetafuta mkato angeandika kwamba kampuni inapinga kwa sababu ya maslahi yake, akafunga mjadala. Lakini pengo kati ya 0.95 na 1.5 lipo hata kama anayelitaja ana maslahi, na wanasayansi wasiohusika na kampuni nao waliuliza kama vyombo havikuwa vimebeba hewa kutoka juu. Makala yangu ilibidi ieleze pengo hilo, ieleze maelezo ya watafiti kwamba madonge yaliyokaa pamoja yanaweza kuunganika kama betri, na imwachie msomaji jambo likiwa bado linabishaniwa, kama lilivyo. Sasa fikiria ningekuwa nimepokea hata senti moja kutoka kwa kampuni ile. Aya ya pengo la volti ingebaki sahihi, na hakuna ambaye angeiamini.

Na mashirika ya uhifadhi? Hayo si yako upande mmoja na wewe?

Sina upande, au tuseme najitahidi nisiwe nao wakati wa kuandika. Septemba 2021 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ilimhamisha jodari mkubwa wa Atlantiki kutoka kundi la viumbe walio hatarini hadi kundi la wasio na hofu kubwa, baada ya miaka ya mipaka ya uvuvi kufuatwa kwa ukali zaidi. Nilikuwa naandaa makala juu yake wakati shirika moja la uhifadhi, ambalo wakati huo lilikuwa likizungumza nami kuhusu kunifadhili kwa mwaka mzima, liliponishauri niiahirishe ili isiwape wavuvi wakubwa kisingizio. Ushauri ulitolewa kwa nia njema na kwa lugha nzuri. Makala ilitoka wiki ile, ikiwa na aya inayoeleza kwamba kundi la samaki hao lililo magharibi mwa Atlantiki lilibaki chini sana ya wingi wake wa zamani, na mazungumzo ya ufadhili hayakuendelea.

Kwa hiyo sheria ni moja: sipokei fedha kutoka kwa yeyote ambaye matokeo ya utafiti ninaoweza kuuandikia yanampa faida au hasara, awe anachimba, anavua, au anahifadhi.

Je, inafaa kukubali mwaliko wa kusafiri katika meli ya utafiti?

Inafaa, mradi msomaji aambiwe nani alilipia kitanda na chakula, maana siku moja ya meli hizo ni ghali mno na zawadi hiyo si ndogo. Lakini usidhani huwezi kuandika bila kusafiri. Meli za Okeanos Explorer, Nautilus na Falkor (too) hurusha moja kwa moja picha za roboti zao zikiwa kwenye sakafu, pamoja na sauti za wanasayansi wakibishana juu ya wanachokiona, na mwaka 2025 kuzama kwa roboti katika korongo la Mar del Plata, pwani ya Ajentina, kulitazamwa na umati mkubwa wa watu waliokuwa majumbani. Ninajifunza zaidi kwa kusikiliza mabishano yale kuliko kwa kusoma taarifa inayotolewa baada ya safari.

Picha unazipata wapi?

Picha zilizopigwa na watumishi wa NOAA kwa kawaida hazina hakimiliki, lakini tovuti yao ina picha za watu wengine pia, kwa hiyo soma maelezo ya kila moja. Kwa picha zenye leseni ya Creative Commons inayokataza matumizi ya kibiashara, swali kama kupokea michango ni biashara halina jibu moja, na njia ya salama ni kumwandikia mpigapicha. Wengi hukubali.

Unatumia akili mnemba?

Kwa kugeuza mahojiano yaliyorekodiwa kuwa maandishi, ndiyo, kisha nasikiliza tena mwenyewe. Kwa majina ya viumbe na tarakimu, hapana.

Hesabu za fedha huwekwaje?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za kazi hii ziko katika akaunti yake, mbali na fedha za nyumbani, na kila mwaka wachangiaji hupewa ripoti inayoonyesha jumla ya michango, ruzuku ikiwepo pamoja na jina la mtoaji, malipo ya wataalamu, seva, na kiasi nilichojilipa mimi. Kujilipa nakuandika bila kuona haya. Anayeficha ujira wake ndiye huzua maneno. Ni vizuri pia kuweka akiba ya miezi sita ya gharama zisizokwepeka, na kumwuliza mhasibu mapema kama michango inatozwa kodi mahali ulipo, kwa kuwa mchango na malipo ya huduma huweza kutazamwa tofauti.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii peke yake?

Wachache huweza. Mimi siwezi. Nahariri tasnifu, nafundisha uandishi kwa watafiti na kutafsiri ripoti, na kazi hizo hulipa chakula, wakati michango hulipa makala. Ukianza, anza na kazi nyingine mkononi, na usiache kazi hiyo kwa sababu ya mwezi mmoja uliokuwa mzuri.

Ukiacha kuandika, makala na michango vitakuwaje?

Michango ya kila mwezi itasimamishwa siku ile ile nitakayoamua, kabla ya tangazo lolote, ili asikatwe mtu fedha kwa kazi isiyoendelea. Akiba itakayobaki italipia anwani na seva kwa miaka mitano. Makala zote, pamoja na masahihisho yake na data zilizochorwa kwenye grafu, huhifadhiwa tayari katika hifadhi za mtandaoni za Internet Archive na Zenodo, na ile ya pH imo humo katika matoleo yote mawili, lenye kosa na lililorekebishwa.